Posa Iliyokuja na Mpiga Picha

Kahawa ilikuwa imekwisha wekwa mbele ya Bwana Nizar, naye hakuigusa. Ndiyo desturi. Mkuu wa wajumbe wa posa hanywi mpaka ajibiwe. Kikombe hukaa pale mezani, kidogo, na watu wote hujifanya hawakitazami.

Chumba cha wanawake kilikuwa upande wa pili wa ukumbi, na mlango wa katikati uliachwa wazi kwa upana wa kiganja. Wijdan alikaa karibu na upenyo huo, amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, mikono ameilaza mapajani. Mama yake mdogo, Sabha, alisimama kabisa mlangoni akiwasimulia wenzake kwa kunong'ona kila alichokiona.

"Wamekuja na mpiga picha," alisema Sabha. "Kavaa fulana ya kampuni. Hivi tunaozesha au tunafungua duka?"

Wanawake wakacheka chini chini. Hata Umm Ghaith, mama wa bwana harusi, alicheka. Mama huyu alikuwa ameikataa posa hii kipupwe kizima. Alimtakia mwanawe msichana wa Amman, wa mtaa wao, mtu ambaye yeye anaujua ukoo wake mpaka kwa babu. Siku ya kwanza alipofika Salt, mji wa kina Wijdan, alikaa ukingoni mwa kiti kama abiria anayeogopa kuachwa na basi. Lakini leo alipoiona mikono ya Wijdan ikitetemeka, alivua shali yake akamfunika magoti, kisha akauchukua mkono mmoja akaushika ndani ya mkono wake. Wijdan hakulisahau jambo hilo, hata baada ya yote yaliyofuata.

Ukumbini wanaume walikuwa wamejaa pande mbili, wageni upande wa dirisha na wenyeji upande wa mlango. Kupitia upenyo Wijdan aliliona bega moja tu la Ghaith, na sikio lake lililokuwa jekundu. Ghaith akiona haya huanzia masikioni. Akatabasamu peke yake. Baada ya saa hii, alijiambia, hatanitazama tena kwa kuibia.

Walikuwa wametazamana kwa kuibia tangu mwaka uliopita.

Ghaith alikuja Salt kwa likizo, ila si likizo ya kupumzika. Kampuni yake ya mizigo kule Amman ilikuwa na utaratibu wake: mfanyakazi aliyetumika miaka mingi hupewa miezi sita na mshahara wake wote, kwa sharti kwamba asiilale miezi hiyo nyumbani. Aupeleke ujuzi wake kwenye chama cha hisani kinachouhitaji na kisichoweza kuulipia. Wenzake wengi walichagua vyama vya jirani ili warudi kula chakula cha mchana kwao. Ghaith alichagua jumuiya ya Hajj Mifleh, baba yake Wijdan, inayowaazima wagonjwa vitanda, viti vya magurudumu na mashine za kupumulia.

Kazi yake ilikuwa kupanga maghala, na ghala la Hajj Mifleh lilikuwa la kutia huruma. Vitanda vilipandana, viti vizima vimefukiwa chini ya vibovu, na kila kitu alikuwa akikijua Wijdan peke yake, kichwani. Ghaith hakumcheka. Alikaa naye siku nyingi akimuuliza hiki kiko wapi na kile kwa nini kiko hapa, akayageuza aliyokuwa nayo kichwani yakawa rafu na njia. Mgonjwa aliyezoea kungoja wiki nzima akawa anapata kitanda siku ile ile. Jioni alikuwa akitia mafuta magurudumu kwa mkono wake, ingawa hilo halikuwamo katika ujuzi aliotumwa kuuleta.

Jambo moja tu halikumwingia akilini mwanzoni. Jumuiya haipeleki vitu asubuhi. Inangoja baada ya chakula cha mchana, watu wanapojilaza na madirisha kufungwa, ndipo kiti kinapopitishwa mtaani kikiwa kimefunikwa shuka. Hakuna anayeuliza kinakwenda kwa nani. Na jina la aliyeazimwa halitajwi nje ya ghala, hata kwa kusifiwa. Ghaith alipiga hesabu zake akaona asubuhi ni bora, akaenda kwa Hajj kumwonyesha.

"Hesabu yako ni sahihi, mwanangu," Hajj Mifleh alimwambia. "Lakini watu wetu hapa wanaona aibu, na sisi aibu yao tunaiheshimu."

Ghaith akatii. Siku moja ya upepo na mvua, yeye na Wijdan walikuwa wakipeleka kiti kwa Abu Jiryis, jirani yao Mkristo, mwalimu mstaafu aliyewafundisha hesabu nusu ya wanaume wa mtaa ule. Mkewe alikuwa amepooza miguu. Shuka ikapeperuka ikaanguka kwenye matope. Mara Ghaith akavua koti lake akakifunika kiti, akaenda nacho kwenye mvua na shati jepesi mpaka mlangoni kwa mzee. Abu Jiryis alipoona koti lile juu ya kiti, machozi yalimtoka. Siku hiyo Wijdan alimtazama Ghaith kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, naye Ghaith, akitetemeka kwa baridi, hakuondoa macho.

Kwa hiyo Hajj Mifleh alipokuwa akichagua mtu wa kuwajibu wajumbe kwa niaba yake, maana mwenye binti hajibu mwenyewe, hakufikiri mara mbili. Alimchagua Abu Jiryis. Na Ghaith alipotafuta wa kuongoza wajumbe wake, kwa kuwa baba yake alikwisha fariki, akamwomba mkurugenzi wake, Bwana Nizar. Alidhani anaiheshimu nyumba ya Wijdan kwa kuiletea mtu mkubwa.

Mambo yote yalikwisha pangwa na wanawake zamani. Mahari yalikubaliwa, na trei za kunafa, kitamu cha jibini na shira, zilingoja jikoni chini ya vitambaa. Yaliyobaki yalikuwa maneno mazuri tu.

Bwana Nizar akasimama. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, wala hakuwa mtu mbaya. Alianza na sifa za Mwenyezi Mungu, akausifu mji, akamsifu Hajj. Kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Ndugu zangu," alisema, "wengine huja kuposa mikono mitupu. Sisi tumetanguliza. Kijana huyu tuliwapa miezi sita, mshahara juu yetu. Tuliikuta jumuiya ni lundo la vyuma, tukaiacha inakwenda kama saa. Hatukudai kitu. Basi leo tumekuja kuchukua chetu."

Upande wa dirisha wakacheka. Upande wa mlango walitabasamu kwa adabu, kisha tabasamu zikakauka. Mpiga picha akapiga picha.

"Huyo anaposa au anadai?" alinong'ona Sabha.

Wijdan alihisi mkono wa Umm Ghaith ukikaza. Alilitazama lile bega ukumbini. Halikusogea.

Hajj Mifleh alisema kwa upole kwamba wageni wamefika kwao, na kwamba atakayewajibu ni ndugu yake Abu Jiryis. Aliposikia jina hilo Bwana Nizar aligeuka, uso ukamchanua kwa furaha ya kweli.

"Kumbe wewe ndiye Abu Jiryis. Mwalimu wa hesabu. Wallahi nilitamani kukuona. Ghaith aliporudi kutoka likizo alisimama mbele ya wafanyakazi wote, ndio utaratibu wetu, kila anayerudi hutusimulia alichofanya. Alitusimulia wewe. Mke hawezi kutembea, wewe umembeba mgongoni mwaka mzima ukiona haya kuomba, halafu kiti kinafika na koti juu yake, na mzee mzima unalia mlangoni. Ukumbi mzima tulilia nawe. Kiti kinakwenda vizuri bado?"

Watu wakainamisha macho. Katika upande wa mlango walikaa watu waliokaa madawati ya Abu Jiryis wakiwa na kaptula, na watoto wao baada yao. Wengi walikuwa hawajui. Walijua tu kwamba Umm Jiryis, mke wa mzee, siku hizi haonekani kanisani mpaka aletwe kwa gari, nao walikuwa hawajauliza.

"Kinakwenda vizuri," alisema Abu Jiryis. "Mungu awalipe."

"Basi mtu kama wewe atatunyima?" alisema Bwana Nizar, akakaa, ameridhika.

Wijdan alikuwa hatazami tena mlango. Alitazama zulia na kungoja sauti moja. Neno moja lingetosha. Ghaith angesema tu, bwana mkubwa, samahani, hilo si la hapa. Angesimama, akambusu mzee kichwani, na kila mtu angevuta pumzi. Alingoja, na chumba kizima cha wanawake kikangoja naye, maana wote walikuwa wameelewa. Sauti iliyokuja ilikuwa ya Abu Jiryis.

Mzee alikuwa amesimama. Alinyoosha koti lake, akasema maneno yake yote kama alivyoyaandaa, bila kuruka hata moja: kwamba Wijdan ni binti yake pia, kwamba alimwona akijifunza kutembea kwenye ngazi za mtaa ule, kwamba anamtoa kwa moyo mweupe kwa kijana mwema. Sauti ilitetemeka mahali pamoja tu. "Kunyweni kahawa yenu," alimaliza. "Mmepata mlichokuja kukitafuta."

Alikuwa ameipita aibu yake kama mtu anavyoruka dimbwi, ili furaha ya binti wa watu isiharibike. Sabha akaanza kulia.

Bwana Nizar akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Kiache," alisema Hajj Mifleh.

Hakupaza sauti. Alisema Abu Jiryis amejibu kwa ukarimu wake, na ukarimu ule hana cha kuulipia. Lakini yeye baba bado hajamaliza. Wageni wakae, wale, nyumba ni yao. Kahawa tu waiache. Jibu atalipeleka mwenyewe Amman.

Walikaa kidogo kwa adabu, kisha wakaondoka. Ghaith alipita karibu na upenyo wa mlango, akageuza uso, macho yao yakakutana. Alikuwa mweupe kama karatasi. Umm Ghaith alikuwa wa mwisho kutoka. Alimbusu Wijdan kwenye paji la uso, na alipotaka kuchukua shali yake alibadili nia, akamwachia.

Kunafa ikagawiwa majirani, jibini yake imekwisha kuwa ngumu. Watu waliipokea wakashukuru, hakuna aliyesema hongera.

Watu walipokwisha ondoka, Hajj Mifleh alikuja akakaa kando ya binti yake. Alikuwa amemlea tangu mama yake alipofariki. Akamwambia kwamba hasira aliyokuwa nayo ni yake mwenyewe, na si lazima iwe yake yeye Wijdan.

"Jibu ni lako, mwanangu. Ukisema ndiyo, nitakwenda kwao kuomba radhi kwa kukizuia kikombe. Nitaomba vizuri, wala hutaniona nimenuna harusini."

Wijdan akambusu mkono. Alitaka kusema ndiyo. Moyo wake wote ulikuwa umesema ndiyo tangu siku ya mvua, na moyo haugeuki haraka kama tunavyotaka.

Asubuhi alifungua ghala mapema, akamkuta Abu Jiryis amekwisha fika, amesimama mlangoni na kile kiti. Alikuwa amekiosha. Magurudumu yaling'aa, na juu ya kiti aliweka mfuko wa tini za mti wake. Alikileta mchana kweupe, bila shuka, mtaa mzima ukitazama. Alisema mkewe sasa yuko nafuu, kipewe mwenye shida zaidi.

Wijdan alijua hakuna nafuu yoyote. Alimsihi. Alimwambia, ami, sisi ndio tuliokukosea, usituadhibu kwa kumwadhibu mama. Mzee akamshika shavu kama alivyokuwa akimfanyia utotoni, akamwambia hakuna aliyemkosea, ale tini kabla hazijapata joto. Akaenda zake taratibu, mgongo umenyooka.

Ghaith alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa peke yake, hajanyoa, shati ni lile la jana. Alipokiona kiti kati ya ghala alikitambua mara moja, maana alikitia mafuta yeye.

"Karudisha," alisema.

"Karudisha."

"Mkewe anafanyaje?"

"Atambeba mgongoni. Si ndivyo ulivyowasimulia?"

Ghaith akakaa juu ya kreti. Alisema hakulala. Alisema alisimulia habari za mzee kwa mapenzi, kwamba katika miezi ile yote hakuna kilichomgusa kama machozi yale, naye alitaka watu wa ofisini, wanaoshinda na namba za makontena, walau mara moja waone mtu.

"Na jina lake?" aliuliza Wijdan. "Ungeweza kusema mzee mmoja."

"Bila jina ingekuwa hadithi tu. Nilitaka wamjue."

"Yeye alitaka kujulikana?"

Ghaith akakigeukia kile kiti. Wijdan alikuwa akikunja mashuka ya kufunikia viti, na mikono yake ilifanya kazi bila yeye.

"Hilo nimeshakusamehe," alisema. "Kweli. Ulipandishwa jukwaani, ukaambiwa sema, ukasema lililokuwa moyoni. Nimelifikiria, nikaona hata mimi ningeweza kuteleza. Lakini jana, Ghaith. Jana ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka kwake. Kwa nini hukusema neno?"

"Ningesemaje? Ni mkubwa wangu. Kaacha shughuli zake, kaja mpaka huku kwa ajili yangu, mimi nisiye na baba. Nimsimamishe mbele ya watu wote? Angeaibika."

Wijdan akaacha kukunja.

"Kwa hiyo ulikuwa unaiona aibu ya mtu. Ulikuwa unaiona vizuri. Ila uliiona ya kwake."

Maneno hayo yalimpata. Aliinamisha kichwa, na Wijdan akaona masikio yake, na kidogo tu angekwenda kuyashika. Aliukamata mlundo wa mashuka kifuani badala yake.

Ghaith alisema atakwenda kwa Abu Jiryis sasa hivi, atapiga magoti. Wijdan alimwambia mzee atamfungulia, atamkalisha, atampa chai na kumwambia yamepita, na akitoka hapo moyo wake yeye Ghaith utakuwa mwepesi. "Na kiti kitabaki hapa," alisema.

Kisha Ghaith akasema jambo alilokuwa amelibeba tangu Amman, na akalisema kwa matumaini, masikini, kama mtoto anayetoa zawadi aliyoificha mgongoni.

"Bwana Nizar kanipigia simu asubuhi. Kasikitika sana, Wijdan, usimdhani vibaya. Anataka kutengeneza. Kampuni itaipa jumuiya gari. Jipya, lenye ngazi ya kupandishia viti. Hamtasukuma tena vitu milimani. Nimemwambia jina la kampuni liwe dogo. Kakubali. Litakuwa mlangoni tu."

Wijdan aliuweka chini mlundo wa mashuka.

"Gari lenye jina," alisema polepole, "litasimama mlango wa nani likakosa kujulikana?"

Ghaith alikuwa na akili. Aliona. Lakini aliona baada ya kuonyeshwa, kama jana, na Wijdan alihisi uchovu mkubwa, uchovu wa miaka ambayo bado haijaja.

"Basi naacha kazi," alisema Ghaith. Alisimama. "Naandika leo hii. Nakuja kukaa hapa, nafanya kazi na baba yako bila kitu. Ukitaka mshahara wangu wote wa nyuma niurudishe, naurudisha. Niambie tu."

"Usiache kazi kwa ajili yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mwema leo. Siku tutakapogombana juu ya chumvi kwenye mchuzi utanikumbusha. Utasema, mimi niliacha Amman kwa ajili yako. Utalisema kwa mapenzi, kama ulivyomsema Abu Jiryis. Na sitakuwa na pa kulirudisha, kama yeye alivyorudisha kiti."

"Mimi si Bwana Nizar."

"Najua. Ungekuwa yeye nisingekuwa nalia."

Alikuwa akilia kweli, bila sauti, na hakujifuta. Ghaith alipiga hatua moja kuja kwake, akasimama, kwa sababu walikuwa hawajaoana na mlango wa ghala ulikuwa wazi. Waliangaliana hivyo. Hakuna siku waliyopendana kuliko siku hiyo.

"Hajj atasema nini Amman?" aliuliza Ghaith mwishowe.

"Baba kaniachia mimi."

"Na wewe?"

"Siwezi, Ghaith."

Alibaki pale kama mtu aliyesahau njia ya kutokea. Nje mama mmoja alikuwa amefika kuchukua mtungi wa hewa kwa mumewe, akahangaika nao mlangoni. Ghaith akaenda akaupokea, akaubeba mpaka kwenye teksi, akaulaza vizuri kiti cha nyuma na kuubana na mto usije ukaviringika. Yule mama akamwombea apate mke mwema. Alisema amina, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Saa ya watu kujilaza, Wijdan alikikunja kile kiti, akakifunika shuka. Alikibeba begani, maana ngazi za kwenda kwa Abu Jiryis ni nyingi na gurudumu haliziwezi. Alipumzika kila kona. Mlangoni mzee alimfungulia, akakiona kiti, akatikisa kichwa. Lakini kabla hajasema, sauti ya mkewe ilitoka ndani, changamfu.

"Nani? Ni Wijdan? Wamekirudisha kiti tayari? Mzee alisema wamekiazima mpaka Jumapili tu."

Wijdan alimtazama Abu Jiryis. Mzee aliinamisha macho. Kumbe hakumwambia mkewe lolote. Ukumbi, maneno, wanafunzi wake wa zamani waliokwepa kumtazama, vyote alivimeza peke yake, akamtungia mkewe uongo mdogo wa mgonjwa mwingine mwenye haja ya siku chache.

"Ndiyo, mama," alisema Wijdan kwa sauti. "Aliyekiazima kapona mapema. Nimekirudisha."

Abu Jiryis akasogea pembeni, akampisha apite. Hakuweza kukataa tena bila kusema kwa nini.

Umm Jiryis alikuwa kitandani, nywele zake nyeupe zimesukwa vizuri, kazi ya mikono ya mumewe. Alimvuta Wijdan akae karibu, akamsukumia sahani ya tini, akaanza kumuuliza habari za posa. Mzee kamwambia ilikwenda vizuri, lakini wanaume hawajui kusimulia. Gauni lilikuwa rangi gani? Na harusi lini? Yeye atakuja, atavaa lile la samawati lenye mikono mirefu, atakaa mbele kabisa kwenye kiti chake, na mtu asimwambie lolote.

Wijdan alikuwa na tini mkononi. Angesema ukweli, ukweli ungeanza na kiti.

"Hakuna harusi, mama," alisema. "Nimemkataa."

Mlangoni Abu Jiryis akashika fremu.

"Umemkataa," alirudia Umm Jiryis. "Alikukosea?"

"Hapana."

"Kwao wamekukosea?"

"Hapana, mama. Moyo wangu tu umegeuka."

Basi yule mama mpole, ambaye hakuwahi kumsema mtu, alikasirika. Alisema vijana wa siku hizi wanafikiri watu wema wanaokotwa sokoni. Alisema kijana yule alipiga magoti hapa hapa sakafuni akamfunga mkanda wa kiti, akamuuliza kama unambana, akaufungua akaufunga tena, watoto wake mwenyewe hawajamfanyia hivyo. Akamuuliza Wijdan anadhani atampata wapi mwingine wa namna ile, na kama ana moyo au jiwe.

Abu Jiryis alisema, "Umm Jiryis, mwache binti."

"Simwachi. Mama yake hayupo, nani atamwambia?"

"Mwache aseme, ami," Wijdan alimwambia mzee. "Ana haki."

Alikaa palepale ukingoni mwa kitanda, mkono wake umeshikwa na yule mama aliyekuwa akimgombeza, akala tini yake taratibu, na kila alipoulizwa alijibu kwamba ndiyo, kosa ni lake.